Sura Iliyorudi Kangundo

Kile kibao nilikiandika mimi, na sitaki mtu amlaumu marehemu mume wangu kwa hilo. Yeye hakuwa na mkono wa kalamu wala mdomo wa kubishana. Mkono wake ulikuwa wa tezo. Alikuwa mchongaji hapa Wamunyu, kama baba yake, kama wanaume wengi wa upande wetu ambao mahindi yaliwakaukia mara nyingi wakaamua kulima miti. Kuongea na wateja ilikuwa kazi yangu.

Na wateja, Mungu anisamehe, walikuwa wanatufanya wajinga. Mtu anakuja, anacheka na wewe, anakunywa chai yako, anaagiza kigoda chenye jina la mjukuu wake. Mzee anachonga. Jina linakaa hapo vizuri, herufi zote. Mwenyewe haonekani tena. Sasa wewe utamuuzia nani kigoda chenye jina la mtoto wa watu? Tulikuwa na vigoda kama hivyo jikoni, tunavikalia, kila mmoja wetu anakalia jina la mtoto asiyemjua.

Siku moja hasira ilinipanda. Nilitoa ubao kwa sanduku kuukuu, nikachukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango, nikaandika kwa herufi kubwa: DIPOSITI NUSU. PESA IKIINGIA HAIRUDI. Nikakipigilia mlangoni mwa kibanda chetu cha kazi, mahali ambapo hata mtu mrefu lazima akutane nacho.

Mume wangu alisimama akakisoma. "Ni kali," akasema.

"Iwe kali. Upole wako tumekula hadi sufuria."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati kupiga simu ni kwenda posta na kupanga foleni. Mteja akishageuza kona hiyo ndiyo kwaheri, mpaka akumbuke mwenyewe. Kwa hivyo nilikipenda kile kibao. Kwa miezi kadhaa kilifanya kazi. Watu walikuwa wanaweka nusu na wanarudi kuchukua vitu vyao, maana nani anapenda kuacha pesa yake kwa mtu?

Halafu akaja yule mwanaume wa Kangundo.

Alikuwa mtu wa heshima, viatu vimepakwa rangi ingawa vumbi lilikuwa limeshavifikia. Mama yake alikuwa amekufa, na picha pekee aliyoacha ni ile ndogo ya kitambulisho. Alitaka achongwe mzima, ukubwa wa mtu, awekwe nyumbani siku ya kumkumbuka, mwaka ukitimia. "Akiwa amekaa," akasema, "lakini mikono iwe inafanya kitu. Mama hakuwa mtu wa kukaa bure."

Nilimwonyesha kibao. Alikisoma polepole, midomo ikitembea. Akanipa pesa, kisha akanipa picha kwa mikono miwili, hivi, utadhani ananipa mtoto mchanga.

Watu wa mjini hudhani dipositi huwekwa mahali ikangoja. Ingoje wapi? Ile pesa ililala kwetu usiku mmoja tu. Asubuhi ilienda kununua gogo la muhugu, kubwa, la kukumbatiwa na watu wawili, na iliyobaki ikalipa mkokoteni wa ng'ombe wa kulileta. Kazi haijaanza, pesa imeisha. Ndiyo maana hairudi. Si roho mbaya, ni kwamba imekuwa gogo.

Sasa shida ya kwanza. Picha ya kitambulisho inaishia shingoni. Mume wangu aliigeuza akaangalia hata nyuma, kana kwamba mabega yangekuwa huko. Akaniambia, "Lete kiondo chako. Kaa hapo."

Nikakaa. Nilikuwa na kiondo nusu, nyuzi za mkonge zinaning'inia. Kila alasiri nikimaliza kazi za nyumba nilikaa kwa kigoda cha mjukuu wa watu, nasuka, naye anachonga. Na acha niseme ukweli, nilifurahi. Tangu anioe hakuwa ameniangalia hivyo. Alikuwa ananiangalia goti, kiwiko, namna gauni linavyolala mapajani, anarudi kwa mti, anaangalia tena. Mwanamke aliyezaa na kubeba maji miaka yote hiyo, akiangaliwa hivyo na mume wake mchana peupe, mwili unashtuka.

Siku aliyofika mikononi nilimwona anachonga kidole changu kidogo cha kulia, hiki, kilichopindwa na mchi nikitwanga mahindi ya muthokoi nikiwa msichana.

"Asi! Mama wa watu hakuwa na kidole hiki."

"Sina kingine cha kuangalia," akasema, akaendelea.

Alipomaliza nilizunguka ile sanamu mara nyingi. Kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kidevu alikuwa mama wa Kangundo, anatabasamu kidogo kama kwenye picha. Kutoka kidevu kwenda chini nilikuwa mimi.

Mti mbichi hauwekwi juani. Ukiuacha nje unapasuka kutoka kichwani hadi miguuni, na kazi yote imekuwa kuni. Kibanda chetu kilikuwa na jua kila upande, kwa hivyo vijana wanne walimbeba wakamwingiza nyumbani, sebuleni, tukamfunika gunia lenye unyevu akauke polepole. Mgeni wa wiki chache tu. Tulisogeza meza, halafu tukaitoa kabisa.

Siku ya kumkumbuka ilipita. Mwenyewe hakuja. Mwezi ukapita, mingine ikapita, mvua ikakataa kunyesha, akabaki pale.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo. Kwenda chumbani ni kupita mbele yake ukijipinda. Niligonga magoti yangu kwa magoti yake mpaka nikajua ni magumu kiasi gani. Mtoto wetu mdogo alimsalimia kila asubuhi akienda shule. Jirani yangu, mwenye ulimi kama wangu, akafika mlangoni akaita, "Hodi kwa wake wawili!" Hiyo ikatosha. Soko lote likaniuliza habari ya mke mwenza. Anapika? Anakuachia zamu? Nilicheka na wao, kisha nikirudi nyumbani simpi hata jicho. Yule mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akinunua mbuzi zetu alipokuja kunywa chai alisimama mlangoni, akaangalia, akaomba kwa upole, kwa sababu ya dini yake, kiti chake kigeuzwe kielekee nje. Nikamwambia na mimi ningegeuza changu kama ningekuwa na pahali pa kukigeuzia.

Nilichoka. Nyumba ni yangu na sina pa kunyoosha mguu. Nikamwambia mume wangu auze.

"Mama ya mtu?"

"Ameacha mama yake, sisi tufanye nini? Tumlee?"

Hapo ndipo aliponijibu, yeye ambaye hajibu. "Kibao chako kinasema pesa yake hairudi. Sawa. Kama pesa yake hairudi, basi mama yake hatoki. Huwezi kukaa na pesa ya mtu na pia uuze kitu chake. Huo ni wizi."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kumtafuta yule mwanaume nako nilikataa, kwa kiburi tu: mteja ndiye hutafuta kitu chake. Na pia tulijua Kangundo tu, na Kangundo si boma moja.

Tungezeeka hivyo, nadhani, kama si msichana wetu mkubwa. Alipita mtihani wa darasa la nane vizuri sana, akaitwa shule ya bweni. Tulishangilia jioni moja. Asubuhi tukaanza kutafuta karo, na hakukuwa na kitu. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuuzwa wakiwa wamekonda. Wachongaji wote walikuwa wanalia, watalii wamepungua. Shule ikasema mwisho ni Jumatatu. Asipofika, nafasi inapewa mwingine. Nilimwona msichana wangu akiacha kuzungumza habari za shule. Alikuwa anafua sare yake ya zamani ya shule ya msingi, anaianika, anaikunja, na hakuna mahali pa kwenda nayo. Nilijua wasichana waliobaki nyumbani wanaishia wapi: wanafulia watu nguo Machakos mjini, halafu mimba, halafu basi. Mimi mwenyewe nilibaki nyumbani. Sikutaka aje akae kwa kigoda nilichokalia.

Wiki hiyo hiyo akaja mnunuzi, kijana wa tai, anatafuta vitu vya hoteli mpya huko Nairobi. Aliangalia vya kibandani, hakupenda. Akaomba maji ya kunywa, nikamkaribisha ndani, akamwona. Akamzunguka kama nilivyomzunguka mimi. Akataja bei, taslimu, na ilikuwa karo, sanduku, godoro, na unga juu yake.

"Ni wa mtu," mume wangu akasema.

"Tupe siku chache," nikasema mimi, haraka. "Njoo Jumamosi."

Alipoondoka tuligombana mpaka kuku wakatoka jikoni. Mwisho nikachukua ile picha ya kitambulisho, nikajifunga leso, nikaenda Kangundo.

Sikuwa na jina la boma. Nilienda sokoni, nikawaonyesha picha wanawake wanaouza ndizi na parachichi. Wa pili akasema, "Huyu si alikuwa mteja wangu!" Akanielekeza kupanda juu kwenye kahawa.

Nilimkuta yule mwanaume anapogoa mibuni. Aliponiona alidondosha makasi. Kabla hata ya salamu akasema, "Mama, sina. Ile nusu ingine sina."

"Sijakuja kudai."

Tulikaa nyuma ya nyumba, mke wake akatuletea chai. Ndipo akanieleza. Ndugu zake walikuwa wamechanga nao ile dipositi. Halafu mmoja akaokoka sana, akasema hiyo ni sanamu ya kuabudiwa, haitaingia bomani. Mwingine akasema mama hawezi kuwekwa nje anyeshewe. Wakagawanyika. Hata siku ya kumkumbuka waliifanya mara mbili, kila upande na yake.

"Si ungekuja useme tu?"

"Nilikuja." Aliangalia kikombe. "Nilikuja mpaka kwa kibanda chenu. Nilitaka kuomba mnirudishie hata kidogo, nimpatie ndugu yangu, anyamaze. Nikaona kile kibao. Nikajua hapa hakuna maneno. Nikarudi."

Jamani! Alisimama mlangoni petu! Mimi niko ndani nagonga magoti kwa mama yake, yeye yuko nje anasoma mwandiko wangu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia, na chai ilikuwa ya moto.

Nikamweleza habari ya msichana wangu. Nikamwambia kuna mnunuzi. Alisikiliza vizuri. Akauliza, "Mlimchonga akifanya nini?"

"Anasuka kiondo."

Akacheka, mara ya kwanza. "Mama hakujua kusuka hata kidogo. Viondo alikuwa ananunua."

"Mwili ni wangu," nikasema. "Picha iliishia shingoni."

Alikuwa mtu mzuri, nasema hivyo ingawa alinitesa. "Basi mwili uuze, ni wako," akasema. "Pesa nimeachilia, sitaiuliza tena. Lakini sura si ya kuuza. Hiyo mnirudishie."

"Nani atanunua mtu bila uso?"

Akanijazia chai tena. Na mimi sikuwa na haki ya kumlazimisha ajibu. Nilimwambia aje Jumamosi asubuhi.

Nilimpa mume wangu yale maneno jinsi yalivyokuwa. Nilitarajia atakataa. Alienda akasimama mbele ya sanamu, akapima kwa vidole kutoka puani kwenda nyuma, kwenye kitambaa cha kichwa. Ijumaa asubuhi alinoa msumeno, akaniita.

"Mshike."

Nikamkumbatia kwa nyuma, mabega yangu kwa mabega yangu, shavu langu kwa kitambaa chake cha mti. Alikata kutoka juu kwenda chini. Msumeno ukisimama alikuwa anaupaka sabuni. Nilikuwa nahisi ule mtetemo kwa meno. Msichana wetu alikuja akasimama mlangoni, nikamfukuza, akarudi. Uso ulipotoka ulitoka mzima, kama sahani, unatabasamu, tukaulaza juu ya leso yangu. Kilichobaki ni kichwa bapa chenye mistari ya msumeno.

"Kaa hapo," mume wangu akasema.

"Niko na kazi."

"Kaa."

Nikakaa. Hakuniangalia goti wala kiwiko. Aliniangalia usoni siku nzima, na mimi sikujua niweke macho wapi. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na wasiwasi, nilikuwa na hasira bado, na nadhani vyote aliviona. Mti hauongezwi. Mchongaji anatoa tu, na mbao ya uso ilikuwa imeshaenda, kwa hivyo ilibidi anitafute ndani zaidi. Nilipotokea nilikuwa nimezama ndani ya kitambaa kama mtu anayechungulia dirishani kwa ndani, mashavu yameingia, macho yako mbali.

"Nimezeeka hivyo?"

"Mti ndio uliisha," akasema. Akachukua msasa.

Yule wa Kangundo alikuja mapema. Nilimpa uso umefungwa kwa leso. Alifungua pembe moja, akaangalia, akafunga. Alitoa kofia. Akanishukuru, akamshukuru mzee, akasimama pia mbele ya yule aliyebaki akampa salamu, kisha akaenda zake na mama yake kifuani. Leso sikuidai.

Mnunuzi alifika na pikapu. Sikuwa nimemwomba dipositi, ulimi ulikataa. Angeweza kugeuza gari na hakuna neno ningesema. Alipoona, alirudi nyuma. "Huyu si yule. Yule alikuwa anacheka."

"Ni yule yule," nikasema. "Amekonda tu."

Alimzunguka. Msichana wetu alikuwa amesimama kwa kona, sare imekunjwa mkononi. Mnunuzi akasema, "Huyu anaonekana kama ananingoja nijibu kitu." Akatoa pesa.

Walimbeba wanne, wakamlaza chali kwenye pikapu, wakamfunga kamba kifuani na shingoni. Nikawaambia wasikaze shingoni. Walinicheka. Nilisimama barabarani nikijiona naenda, miguu mbele, nasuka. Jumatatu msichana wetu alifika shule. Jumamosi ile niliporudi ndani kulikuwa na nafasi tele, na bado nilipita pale nikijipinda. Kibao nilikitoa, nikawa nakatia mboga ya sukuma juu yake mpaka rangi ikaisha.

Alisoma, yule msichana. Alimaliza, akaendelea, akapata kazi. Mume wangu aliishi kuliona hilo, kisha akafa, na katika vitu vyote alivyochonga hakuna kingine alichonichonga mimi.

Simu za mkono zilipofika hata Wamunyu, msichana wetu alininunulia moja. Siku moja mchana ikalia. Alikuwa amepelekwa semina na kazi, hoteli moja Nairobi.

"Mama," akasema, "nimekuona."

Sikumuuliza wapi. Nilijua.

"Uko mlangoni, nje, pale magari yanashusha watu. Wanaweka miavuli kwenye kiondo chako. Nimeitoa yote. Mlinzi ameirudisha." Sauti yake haikuwa sawa. "Nimekushika kidole."

"Kiko?"

"Kiko. Nimeuliza kama wanaweza kukuuza, nikuchukue. Wamesema wewe ni mali ya hoteli."

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na kwenye kioo nilimwona yule, mashavu yameingia, macho yako mbali. Miaka yote nilidhani mume wangu alikosea. Kumbe alinitangulia tu.

"Nimepasuka?" nikauliza.

"Kidogo. Shingoni. Jua linakupiga mchana wote."

"Mwambie huyo mlinzi anisogeze kivulini. Mti hauwekwi juani."

Nilisikia wakiongea, sauti yake na ya mwanaume. Akarudi. "Anasema haiwezekani, Mama. Miguu yako imetiwa simenti."

Simu sikuikata. Salio lilikuwa lake, sikujali.

"Semina inaanza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Bado."

"Basi kaa na mimi kidogo."

Nikasikia akivuta kiti.